Nani Mkubwa wa Selo? Magenge ya Texas na Unyapara wa Nyumbani

Mfungwa mpya akishuka basi katika gereza la jimbo huku Texas, husomwa ngozi kwanza. Anavua shati, anasimama ukutani, anapigwa picha shingo, kifua, mgongo, mikono yote miwili, hata nyuma ya masikio. Ofisa wa kitengo cha magenge anamuuliza: nyota hii ulichorwa wapi? Nani alikuchora? Hizi namba ni za nini? Yanafuata maswali ya mtaa aliokulia, jela alizopitia, mtu anayemtumia pesa za kantini, na mtu ambaye hawezi kulala naye selo moja bila kuuana. Majibu yote yanaandikwa kwenye faili, na faili hilo litaamua atalala wapi, atakula na nani, na pengine kama ataliona jua.

Mimi ni askari magereza huku. Nyumbani kwetu ni Peramiho, na ndugu zangu wakisikia kazi ninayofanya swali lao huwa lile lile: ni kweli huko kuna magenge hadi gerezani? Ni kweli. Ila swali linalonisumbua mimi ni jingine. Kwa nini magereza yetu ya Tanzania hayajulikani kwa magenge ya aina hii, yenye jina, vyeo na katiba? Na hali hiyo itadumu hadi lini?

Miaka niliyokaa upande wa funguo imenipa jibu ambalo nitalitetea popote. Genge la gerezani huzaliwa pale serikali inapomwachia mfungwa kazi ya kumlinda mfungwa mwenzake. Texas ililijua hilo baada ya watu wengi kuuawa. Kwetu mbegu tunayo tayari, na ina jina ambalo kila Mtanzania aliyewahi kunyea debe analijua.

Nianze na ya huku. Idara ya magereza ya Texas inayatambua rasmi makundi 12 kuwa tishio la usalama. Kati yake yamo Texas Syndicate, Mexikanemi, Aryan Brotherhood of Texas, Barrio Azteca, Bloods na Crips. Mengi yamegawanyika kwa rangi na asili: Wazungu kivyao, Weusi kivyao, na wenye asili ya Mexico katika makundi kadhaa ambayo yenyewe kwa yenyewe yana uadui wa damu. Baadhi yana katiba iliyoandikwa na vyeo kama vya jeshini, kuanzia jenerali hadi sajenti. Kanuni kuu inafanana karibu kote: ukishaingia, mlango wa kutokea ni kifo.

Kila gereza lina maofisa ambao kazi yao ni kuyafuatilia makundi haya tu. Wanasoma barua, wanaangalia michoro, wanaona nani anakaa meza gani bwaloni na nani anamwachia nani kiti. Wanafuatilia pesa, kwa kuwa genge bila pesa halina nguvu. Mfungwa hahesabiwi kuwa mwanachama kwa alama moja tu. Ushahidi unakusanywa, unapimwa, ndipo anathibitishwa. Akithibitishwa kuwa wa makundi yanayohesabiwa hatari zaidi, anapelekwa selo ya peke yake: chumba chenye kitanda na choo, anakaa ndani saa 22 au zaidi kwa siku, chakula kinapitishwa kwenye tundu la mlango. Wa Bloods au Crips hapelekwi huko kwa uanachama peke yake. Mpaka atende kosa.

Mfumo huu una faida yake na sitaibeza. Nimeona vijana wadogo wakiokolewa kwa sababu ofisa fulani alijua kusoma mchoro na akakataa kuwaweka bweni moja na watu waliokuwa wakiwasubiri. Kumjua mtu unayemfungia ni sehemu ya kumlinda.

Lakini ngozi inadanganya. Kijana alichorwa akiwa na miaka 14 kwa sababu mtaa mzima ulichorwa. Leo ana miaka 35 na hataki hata kuuona mchoro huo. Viongozi wa magenge, ambao si wajinga, walishawaambia watu wao waache kujichora. Ukitegemea ngozi unamkamata wa jana na kumwacha wa leo. Na adhabu yenyewe inamhukumu mtu kwa jinsi alivyo badala ya alichotenda. California ilifika mbali zaidi. Gereza la Pelican Bay, lililofunguliwa mwaka 1989, liliwahifadhi watu katika vyumba visivyo na dirisha kwa miaka kumi, hata zaidi ya ishirini, kwa sababu tu jina lao lilikuwa kwenye orodha ya genge. Njia iliyokuwa wazi kwao ilikuwa kuwataja wenzao. Julai 2013 wafungwa wapatao 30,000 katika magereza ya jimbo hilo waligoma kula. Mwaka 2015 serikali ilikubali, katika maridhiano ya kesi inayojulikana kama Ashker, kuacha kumfungia mtu upweke usio na kikomo kwa sababu ya uanachama tu. Texas bado inaendelea. Januari 2023 wafungwa kadhaa wa huku waligoma kula wakidai jambo hilo hilo: tuhukumuni kwa tunayotenda.

Sasa nije kwenye sehemu ya historia ambayo ningependa kila mkuu wa gereza nchini kwetu aijue.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Texas haikusumbuliwa na magenge. Ilikuwa na wanyapara. Huku waliitwa kwa jina lao la Kiingereza, lakini mtu aliyepita gereza la kwetu angewatambua mara moja. Magereza yalikuwa mashamba makubwa, mengine yakiwa kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa ya mabwana wa watumwa, na askari walikuwa wachache mno. Mchana wafungwa walilima pamba chini ya askari waliopanda farasi. Usiku mabweni yalishikwa na wafungwa wachache waliochaguliwa na wakubwa, kwa kawaida wenye misuli na mkono mgumu. Walipewa selo nzuri na chakula kizuri. Wengine walikuwa na funguo, wengine marungu, wengine visu kabisa. Kazi yao ilikuwa kuhesabu wenzao, kunyamazisha, kupeleka habari ofisini, na kumpiga asiyesikia. Kwa mtu aliyesimama nje ya ukuta, gereza la Texas lilionekana lenye nidhamu kuliko yote Marekani, na viongozi wake walisifiwa.

Mwaka 1972 mfungwa mmoja, David Ruiz, aliandika malalamiko yake kwa mkono na kuyapeleka mahakamani. Yalikua yakawa kesi kubwa. Ilisikilizwa kwa siku 159, mashahidi 349 wakapita kizimbani, na Desemba 1980 Jaji William Wayne Justice akatamka kwamba magereza ya Texas yanavunja katiba ya nchi: msongamano, matibabu mabovu, ukatili, na huo unyapara. Kufika mwaka 1982 serikali ilikuwa imekubali kuwaondoa wanyapara.

Ikawaondoa, na haikuweka wa kutosha mahali pao. Askari wapya walikuwa vijana, wachache, wasiojua bweni linavyokwenda usiku. Kwa miaka mingi amri ya ndani ilikuwa imeshikwa na wafungwa, na sasa amri hiyo ilikuwa haina mwenyewe. Texas Syndicate, kundi lililoanzishwa na watu wa Texas waliokuwa wamefungwa California, likaingia kwenye nafasi hiyo. Mexikanemi wakajibu, Wazungu wakaunda la kwao. Katika mwaka 1984 na 1985 waliuawa wafungwa 52 ndani ya magereza ya jimbo moja. Septemba 1985 serikali iliwafungia maelfu ya wafungwa ndani ya selo zao, ikawachuja, na wote waliojulikana kuwa wa magenge wakapelekwa kwenye upweke. Mauaji yalishuka. Magenge hayajaondoka hadi leo hii.

Huku wapo wazee wa kazi wanaosimulia historia hiyo kwa namna ya kuwasikitikia wanyapara, kana kwamba jaji ndiye aliyeyaleta magenge. Sikubaliani nao hata kidogo. Unyapara ulikuwa genge lenye kibali cha ofisi. Ulikuwa umewafundisha wafungwa kwa miaka mingi kwamba usalama wao uko mikononi mwa mfungwa mwenye nguvu, na kwamba usalama huo una bei. Texas Syndicate walikuta somo limeshaeleweka, wakabadilisha mwalimu.

Liko na suala la idadi. Mwaka 1980 Texas ilikuwa na wafungwa takribani 30,000. Kufika mwaka 2000 walikuwa wamepita 150,000, na siku hizi wanazunguka 130,000. Mtaalamu wa uchumi wa siasa David Skarbek, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu magenge ya magereza ya Marekani, anaeleza kwamba gereza dogo lenye watu wanaofahamiana linaweza kujiendesha kwa sifa ya mtu mmoja mmoja: huyu halipi deni, yule ni mwizi, huyu ni mtu wa neno lake. Watu wakiwa maelfu, wengi wao wageni kwa wageni, sifa ya mtu haimfikii mwenzake. Hapo linahitajika kundi la kumdhamini mtu. Ukinidhulumu mimi, kundi langu litalidai kundi lako. Genge linafanya kazi ya hakimu, benki na polisi kwa pamoja.

Nilipoisoma hoja hiyo, nilifikiria kwetu. Kutoka Peramiho hadi Songea mjini ni kilomita zipatazo 24. Kijana wa Peramiho akifungwa Songea, akishatamka ukoo wake tu, yupo mtu mle ndani anayemjua baba yake, au aliyesoma na kaka yake, au aliyetibiwa kwenye hospitali ya misheni wodi moja na mjomba wake. Hawezi kujificha wala kujibuni upya. Hiyo peke yake ni kinga kubwa dhidi ya genge, na hatukuitengeneza kwa sera yoyote, tumerithi.

Ndugu yangu mmoja, mjomba kwa upande wa mama, alitumikia Jeshi la Magereza hadi kustaafu, muda mwingi kwenye gereza la kilimo. Mkoa wetu wa Ruvuma unalo la namna hiyo, Kitai, wilayani Mbinga. Sisi watoto tulikuwa tukiliona karandinga kwenye barabara ya Mbinga na wafungwa wenye sare za rangi ya chungwa. Mjomba anaeleza kwamba kwenye shamba la mahindi askari wachache walikwenda na kundi la wafungwa wenye majembe, na hakuna aliyekimbia, kwa sababu waliwajua kwa majina, kwa makosa yao, kwa vijiji vyao, na walijua mama wa nani anaumwa. Mfungwa akinyamaza siku mbili, mjomba alijua kuna barua mbaya imefika. Huku nina kompyuta yenye picha za kila mchoro wa kila mfungwa, na sijui mama wa nani anaumwa. Nikisema tunaweza kuwafundisha Texas jambo fulani, ni hilo.

Lakini mjomba huyo huyo, ukimuuliza habari za usiku, jibu linakuwa fupi. Usiku ni wa nyapara.

Jirani yetu mmoja aliwahi kukaa mahabusu, katika gereza ambalo sitalitaja, kwa kesi iliyokuja kufutwa. Anasimulia usiku wa kwanza. Aliingia selo imejaa, hakuna mahali pa kuweka mguu. Nyapara alimuuliza jina, kosa, na ameingia na nini. Waliokuwa na kitu, au ambao ndugu zao walikuja siku ya kutembelea na mkono haukuwa mtupu, walilala upande wa dirisha. Wasio na kitu walilala karibu na ndoo, ubavu kwa ubavu, na hakuna aliyegeuka mpaka nyapara aamuru mstari mzima ugeuke. Aliyebisha aliamshwa kwa teke. Asubuhi mlango ukafunguliwa, askari akauliza kama kuna tatizo, nyapara akajibu hakuna, afande.

Hadithi kama hii si ya gereza moja, wala jirani yetu si wa kwanza kuisimulia. Nami siwalaumu askari wetu kwa wepesi, maana najua inavyokuwa kukabidhiwa watu wengi kuliko uwezo wako. Najua pia wapo wanyapara wenye utu, wanaomtuliza mgeni, wanaompeleka mgonjwa zahanati. Ila mfumo hauwezi kusimama juu ya bahati ya kupata nyapara mwenye utu. Mtu anayegawa mahali pa kulala, anayesimamia mstari wa chakula, na ambaye neno lake ndilo linalofika ofisini, huyo ndiye serikali ya mle ndani. Siku akipata wafuasi, simu na pesa, jina jingine lake ni jenerali.

Umoja wa Mataifa ulishaliona hilo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 40 kwamba mfungwa asipewe kazi yoyote yenye mamlaka ya nidhamu juu ya wenzake. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu wafungwa kusimamia wenyewe mambo yao ya michezo, masomo na ustawi. Kwa hiyo kiongozi wa kwaya ni sawa, kapteni wa timu ni sawa, mwalimu wa kisomo ni sawa. Mwenye ufunguo wa usingizi wa mwenzake si sawa.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii asije Texas, ni mbali. Atazame majirani zetu wa mashariki ya Kongo. Gereza la Munzenze mjini Goma lilijengwa kwa wafungwa wapatao 350, likaja kubeba maelfu. Ndani yake utawala ulishikwa na wafungwa wenyewe chini ya kapita, yaani nyapara wao, na mgeni aliingia kwa kulipa. Huko Afrika Kusini makundi ya Namba, yaani 26, 27 na 28, yana zaidi ya miaka mia moja, na simulizi zao zinamtaja Nongoloza, Mzulu aliyekuwa jambazi wa njia za kwenda migodini Johannesburg. Sisi Wangoni mababu zetu walitoka pande hizo, enzi ambazo kwetu gereza lilikuwa halijafika. Songea tunajua lilivyotufikia: Februari 27, 1906 Wajerumani waliwatoa wafungwa wa vita vya Majimaji na kuwanyonga, Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao. Padri Johannes Häfliger, Mbenediktini, aliingia gerezani kuwabatiza baadhi yao kabla ya kitanzi. Natamani watawala wetu waikumbuke asili hiyo wanapofikiria gereza ni la nini.

Sasa kwa nini nasema muda ni huu? Kwa sababu ile kinga yetu ya kufahamiana inapungua. Magereza yetu yana nafasi zisizofika 30,000, na kwa miaka mingi yamebeba zaidi ya hapo, huku karibu nusu ya waliomo wakiwa mahabusu, watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Msongamano umeshaua: mwaka 2002 mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa huko Mbarali, mkoani Mbeya. Misamaha ya rais imesaidia. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 8,157, na Desemba 9, 2019 akasamehe 5,533. Lakini msamaha unamgusa mfungwa na kumruka mahabusu, na nafasi zilizoachwa hujazwa na waliokamatwa wiki inayofuata.

Na wanaokamatwa wanabadilika. Dar es Salaam imewajua Komando Yosso, imewajua Mbwa Mwitu, imewajua Panya Road waliotikisa jiji Januari 2015 na kurudi tena mwaka 2022. Hawa ni vijana wa mitaa mikubwa, hawajuani kwa ukoo, wanajuana kwa kundi. Wakikamatwa kwa misako wanaingizwa selo kwa pamoja, na miongoni mwao yumo aliyekamatwa kwa kusimama kijiweni tu. Kijana huyo, usiku wa kwanza, atahitaji wa kumlinda. Askari yuko nje ya mlango na ni mmoja. Nyapara anataka kitu. Kundi liko palepale na halimdai chochote usiku huo. Nimeona deni la namna hiyo likilipwa miaka mingi baadaye.

Najua wapo watakaosema dawa ni kuleta mfumo wa huku: kitengo cha magenge, picha za miili, orodha, selo za upweke. Naomba tuchague kwa akili. Mwili wa Mtanzania hausomeki kama wa kijana wa Texas. Kusini kwetu kuna wazee wa Kimakonde wenye nembo usoni walizochanjwa kwa heshima. Kuna vijana waliojichora jina la mama, la mchumba, la msanii wa bongo fleva. Tukianza kuhesabu michoro tutajaza orodha watu wasiohusika. Na upweke wa muda mrefu usivuke mpaka wetu kabisa. Kanuni za Mandela zimeweka ukomo wa siku 15, na mimi ninayepitisha sahani kwenye tundu la mlango nawaambia kwamba ukomo huo una sababu. Nimewaona watu wenye akili timamu wakianza kuongea na ukuta.

Yapo ya kuchukua. Mahojiano ya mapokezi ni moja: dakika thelathini za kumuuliza mgeni ana ugomvi na nani, ana miaka mingapi kweli, ni mara yake ya ngapi, anaumwa nini, kabla hajaingizwa selo yoyote. Anayefungwa kwa mara ya kwanza asilale na mzoefu. Pili ni kufuata pesa. Siku hizi malipo ya nyapara hayahitaji kupita getini. Yanapita kwa wakala wa pesa kwa simu, kutoka kwa mke wa mfungwa kwenda kwa mke wa nyapara. Kenya wana uzoefu mchungu wa simu ndani ya gereza la Kamiti, utapeli ukiendeshwa kutoka nyuma ya kuta. Mle mle Novemba 2021 walitoroka wafungwa watatu wa ugaidi, na mkuu wa magereza wa nchi nzima akapoteza kazi.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote niliyoyaona huku: njia ya kutoka. Texas ina programu ya kujitoa kwenye genge. Mfungwa anaandika barua kwamba ameacha, anachunguzwa, kisha anapitia takribani miezi 9 kwa hatua tatu. Anaanza peke yake, anaendelea na masomo katika vikundi, anamaliza akiishi na kufanya kazi pamoja na watu ambao zamani angewachoma kisu. Nimekutana na watu waliopitia hapo. Mmoja aliniambia kuwa kilichomshinda kwa miaka mingi hakikuwa kulipenda genge lake, ilikuwa kukosa mtu wa kumwambia kwamba amechoka. Kwetu hatuna haja ya kusubiri magenge ndipo tuanzishe kitu kama hicho. Mapadri, masheikh na wachungaji wanaingia magerezani kila wiki. Peramiho ina mafundi seremala, waashi, wachapaji, shule ya ufundi yenye historia ndefu. Kijana anayetoka gerezani akijua kuna karakana itakayompokea, genge au nyapara hana la kumwahidi.

Hata hivyo yote hayo ni ya pembeni kama usiku utabaki wa nyapara. Texas inatufundisha pia jinsi isiyofaa ya kumwondoa: usimwondoe leo ukaacha pengo. Ajiri askari kwanza, waweke ndani ya mabweni usiku, orodha ya nani analala wapi iandikwe na askari na ibandikwe mlangoni, chakula kigawiwe mbele ya askari, na malalamiko yapite njia isiyopita kwa nyapara. Baada ya hapo mwondolee madaraka moja baada ya jingine. Hata huku tatizo halijaisha: nafasi za askari zilizo wazi ni maelfu, na Septemba 2023 magereza yote ya jimbo yalifungwa, kila mtu ndani ya selo yake, kwa sababu ya mauaji na dawa za kulevya. Mahali ambapo askari hayupo, yupo mtu mwingine.

Na punguzeni watu. Sheria ya Bodi za Parole tunayo tangu 1994, ya huduma kwa jamii tangu 2002. Texas, yenye watu karibu nusu ya wetu, imefunga watu mara nne ya sisi, na ndiyo maana ina magenge ambayo fedha zake zote hazijayamaliza. Tusiifuate huko.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, na magereza ni sehemu ya yaliyochunguzwa. Ndugu msomaji uliye nyumbani, mbunge wako akija kijijini, muulize yaliyopendekezwa kuhusu mahabusu na askari yamefikia wapi, usikubali jibu la jumla. Nasi tulio nje, tunaotuma pesa za harusi na misiba, tutume na za wakili. Ukisikia kijana wa kwenu amewekwa ndani kwa kosa lenye dhamana, usisubiri kesi iitwe mara ya pili. Tafuta wadhamini wawili leo, kabla hajalala usiku wake wa kwanza.